Akala za Mguu wa Kushoto

Kabla hamjaanza kufagia na kupaka rangi, niseme moja: kikapu kilicho nyuma ya mlango wa chumba cha vidonda hakitupwi. Najua kinafanana na takataka. Kimejaa akala, vile viatu vya matairi, na zote, ukiondoa moja, ni za mguu wa kushoto. Muuguzi mpya aliyekuja kupokea funguo wiki iliyopita alikitazama, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa adabu kama mzee yuko sawa. Mzee yuko sawa, amestaafu tu. Nimekaa barazani na daftari, nawaandikia ninyi mnaobaki ili mjue mnachokirithi.

Naitwa Jilo. Ni Mpokomo, nilizaliwa ng'ambo ya mto Tana, mkabala na Masalani. Nimefunga vidonda katika zahanati yetu ya kanisa hapa Garissa kwa miaka ishirini na minane. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana havikuwa vya kumchosha mwandishi. Wagonjwa wetu, kama mnavyojua, karibu wote ni Waislamu, na sisi wenye makoti meupe ni Wakristo wa kutoka kila pembe. Wageni hushangaa tunaishije. Tunaishi kama majirani, na mwenye kidonda hana muda wa kushangaa.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Sista Pelagia, mtawa kutoka Kitui, mfupi, miwani yake imefungwa kwa kipande cha bandeji. Alinipa mgonjwa wa kwanza, dereva wa lori aliyeungua mkono, akakaa pembeni kunitazama. Bandeji ilikuwa imekauka na kugandana na kidonda. Mimi nilikuwa na cheti na miaka sita ya kazi katika hospitali za mbali, kwa hiyo nikashika ncha na kuvuta. Sista alinichapa kwenye kiganja kwa kijiti cha kubonyezea ulimi. Dereva alicheka huku machozi yakimtoka.

"Usivute," Sista akasema. "Loweka, ungoje."

Akamimina maji ya chumvi ya uvuguvugu juu ya bandeji, akaweka mikono mapajani, akangoja. Tulikaa pale kama watu wanaosubiri chai ichemke. Baada ya muda bandeji ilijitoa yenyewe, na dereva hakuhisi kitu. Hilo ndilo somo la kwanza la chumba kile. Mengine yote nimeyasoma vitabuni na mengi nimeyasahau.

Somo la pili alinipa jioni, tukichemsha mikasi kwenye sufuria. Alisema, "Hapa hatumhubirii mtu anayeumwa. Unamwombea moyoni, huku mikono inafanya kazi. Sisi tunasafisha tu. Anayeponya ni Mwingine, na hatumpangii saa." Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia kwamba mimi na huyo Mwingine tulikuwa hatusemezani.

Sababu yake ilikuwa mguu wa baba yangu.

Nilipomaliza chuo nilirudi kijijini na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Mwezi huohuo baba akajikata na panga kwenye kisigino cha kushoto akifyeka shamba la migomba. Mama alitaka avushwe mto apelekwe hospitali. Nikasema hakuna haja, nyumba hii ina muuguzi. Nilimfunga mwenyewe kila asubuhi, jirani wakija kutazama, na mimi nikieleza kwa maneno makubwa. Siku ya nne kidonda kilianza kunuka, nikasema ni kawaida. Siku ya tisa nikasema tena ni kawaida, ingawa moyoni nilishajua kwamba si kawaida, na nilichokuwa nikikitibu wakati huo ni jina langu. Tulipomfikisha hospitali walimkata chini ya goti.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na fundi wa mitumbwi. Alipozinduka alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nje, na kutoka nje nikaenda stendi. Miaka sita sikurudi. Nilituma salamu, nguo na dawa kwa watu waliokuwa wakienda huko, lakini uso wangu sikuupeleka. Nilisali pia, maana zamu ya ibada ya asubuhi hospitalini haikumruka mtu. Nilisoma maneno ya msamaha kwa sauti safi kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi ya mji asiokusudia kwenda.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Garissa akaja Bi Habiba. Wote tulimwita Ayeyo, ambayo kwa Kisomali ni bibi. Alikuwa mfugaji wa ngamia miaka yote, mrefu, mkali, na sasa sukari ya mwilini ilikuwa imemfungulia kidonda chini ya mguu wa kushoto, kikubwa kuliko kiganja cha mtoto. Aliletwa na binti yake Shukri kwa mkokoteni wa punda. Daktari wa mjini alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kisipofunga, mguu utakatwa. Niliposikia mguu wa kushoto, nilirudi nyuma hatua moja.

Kwa kawaida wanawake walifungwa na Sista, lakini macho yake yalikuwa yameanza kupungua nuru na kidonda kile kilihitaji macho. Shukri alisitasita. Mama yake akamaliza shauri. "Wacha ashike," alisema. "Mimi ni mzee. Mguu hii si ya mwanamke tena, ni ya hosbitali." Kisha akanitazama. "Warya, wewe najua kazi?"

Warya ni namna ya kumwita mwanamume ambaye hujaamua kumheshimu. Nikasema najua.

Wiki tatu nilimfunga siku baada ya siku. Nililoweka, nikangoja, nikasafisha, nikapaka asali, nikafunga. Nyama nyekundu ikaanza kuonekana pembeni. Nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miaka mingi. Ndipo nikafanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa chumba kile peke yake angeweza kulifanya.

Sista Pelagia alikuwa na sheria: maji yoyote yaliyosimama ndani ya chumba humwagwa kabla ya kazi, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya vijidudu. Asubuhi moja nilikuta dirishani chupa ya plastiki yenye maji, haina mfuniko, kuna unga wa vumbi umeelea juu. Nikaitoa nje nikaimwaga kwenye mche wa mwarobaini, nikaisuuza, nikaiweka kwenye pipa. Nilirudi ndani nikipiga mluzi.

Maji yale yalikuwa ya tahalili. Ndugu yake Ayeyo, shehe mzee wa Sangailu, aliyasomea Kurani usiku mzima kwa ajili ya mguu wa dada yake, akayatuma kwa mtu aliyesafiri siku mbili nayo mapajani. Ayeyo alikuwa ameyaweka dirishani, akaenda msalani. Aliporudi aliangalia dirisha, akaangalia pipa, kisha ule udongo uliolowa chini ya mche.

"Wewe namwaga dua ya ndugu yangu kwa muti," alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alishuka kitandani mguu ukiwa wazi, akajifunga kwa ncha ya shuka lake, akamwegemea Shukri, wakatoka. Mkokoteni ulitoka langoni nami nimesimama na koleo mkononi.

Sista alisikiliza habari yote akiwa ameinamia daftari la dawa. "Hapo umevuta bandeji kavu," akasema. "Nenda kwake."

Nikasema nitakwenda na sukari kilo mbili na majani ya chai, kama desturi ya huku ilivyo.

"Usiende na sukari. Ukienda na sukari utakuwa umekwenda kununua. Chukua mfuko wa kufungia na uende mikono mitupu kama mtu mwenye kosa."

Nilipaswa kwenda mchana uleule. Sikwenda. Kesho yake nilijipa kazi ya kupanga kabati, kabati ambalo halikuwa limepangwa tangu lijengwe. Keshokutwa nikapanga la pili. Kila nilipofunga macho niliona kisigino cha baba siku ya tisa. Nilijua vizuri kabisa kinachotokea kwenye kidonda cha sukari kinapokaa siku mbili ndani ya shuka lenye vumbi, na bado miguu yangu ilikataa. Siku ya tatu Sista alinikuta nikifuta kabati la tatu. Alinivua koti, akanivika mfuko begani, akafungua mlango na kusimama hapo hadi nikatoka.

Ayeyo aliishi katika bula, yaani mtaa, lililo nyuma ya soko la mifugo, kwenye nyumba ya duara ya fito na mikeka. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya debe. Nilianza kusema kabla sijamfikia, maneno yangu yakigongana. Nilisema sikujua, kisha nikasema kutokujua si sababu, nilipaswa kuuliza. Nilisema nisamehe. Nililisema kwa Kiswahili na kwa Kisomali changu kibovu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa mkekani. Shukri akaleta chai ya maziwa ya ngamia. Ayeyo akangoja nimalize kikombe, na kikombe kilikuwa kikubwa.

"Mimi samehe wewe ile siku ile, saa ya alasiri," alisema. "Mimi swali, mimi samehe, kwisha. Nasema kwa Shukri, kijana atakuja leo. Hakuja. Nasema atakuja kesho. Hakuja. Mguu nanuka, Shukri nalia, nasema wacha, mtu yetu ya hosbitali atakuja." Akanyoosha kidole kifuani mwangu. "Musamaha iko hapa siku tatu nangojea. Wewe ndio nachelewa."

Sijui kama mmewahi kusikia jambo mnalolijua tangu utotoni likisemwa kana kwamba halijawahi kusemwa. Nililelewa kanisani. Nilifundishwa kwamba rehema ya Mungu hututangulia, nikawafundisha hilo watoto wa shule ya Jumapili nikiwa na miaka kumi na saba. Sikuwahi kulisadiki hadi nilipokaa mkekani mwa mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa amenisamehe tangu alasiri ya siku ileile ya kosa, nami muda wote huo nikifuta makabati. Nililia mbele yake bila aibu. Kisha nikavaa glavu, maana kidonda hakikuwa na habari na machozi yangu.

Kilikuwa kimeharibika, lakini si sana. Shukri alikuwa amekiosha kwa maji ya chumvi aliyochemsha, kama alivyoniona nikifanya. Nikaloweka, nikangoja, na katika kungoja nikamwambia Ayeyo habari ya mguu wa baba, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia.

"Baba yako hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Wapi?"

"Ng'ambo ya Masalani."

"Masalani hapa? Na wewe nakaa hapa nashika mguu ya mama mzee?"

Nikasema nitakwenda mguu wake ukifunga. Nilikuwa naogopa bado, na hiyo ilikuwa njia ya kuahirisha. Nadhani alijua. Alisema basi mguu huu utafunga upesi.

Akaanza kuja tena zahanati. Siku moja aliniona midomo ikicheza. "Unasema nini?" Nikamwambia namwombea. "Kwa nani?" Nikasema kwa Mungu, kwa jina la Yesu. Akafikiri. "Nabi Isa, mtoto ya Mariamu. Aliponya watu, hiyo sisi najua. Basi sema kwa sauti, mimi nataka sikia kama nataja jina yangu fizuri." Tangu siku hiyo nilimwombea kwa sauti, na yeye akinisahihisha namna ya kutamka Habiba, na akimaliza na dua yake mwenyewe kwa Kiarabu. Sista alikuwa akisimama mlangoni na sufuria ya mikasi akisikiliza. Sikuwahi kufurahia kazi kama miezi ile. Kidonda kilifunga mwishoni mwa mwezi wa tatu wa matibabu, kovu laini la rangi ya waridi, na Ayeyo akaacha kuniita warya, akaniita walal, yaani ndugu. Hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja.

Sikuwa na kisingizio tena. Nikapanda gari la Masalani, nikavuka mto kwa mtumbwi, na mpiga kafi hakuniuliza nauli kwa sababu mtumbwi ulikuwa wa kuchongwa na baba.

Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anachonga kafi, gongo limelazwa kando. Nywele zilikuwa nyeupe. Mguu wa kulia ulikuwa ndani ya akala, na upande wa kushoto suruali ilikuwa imekunjwa na kushonwa vizuri. Nilipiga magoti kwenye vumbi la mbao. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba njia nzima, na ikanipotea yote isipokuwa neno moja.

"Baba, nisamehe mguu."

Alishusha patasi. Aliutazama mguu uliokuwepo, kisha mahali pa ule usiokuwepo. "Miguu nilikuwa na miwili, Jilo," akasema. "Mwana wa kiume nilikuwa na mmoja."

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono iliyojaa unga wa mbao, akanibana kwenye goti lake. Mama akatoka jikoni akapiga kigelegele, jirani wakaja mbio wakidhani kuna posa. Nikawa nalia na kucheka kwa pamoja, na kitu kilichokuwa kimegandana ndani yangu kwa miaka sita kikajitoa chenyewe, bila mtu kukivuta.

Tulipoingia ndani aliniambia nitazame ukutani. Kwenye misumari zilining'inia akala sita mpya, zote za kushoto. "Kila mwaka naomba aniuzie moja," alisema. "Muuza akala hataki. Anasema amezaliwa akiuza mbili na atakufa akiuza mbili. Basi nikawa nakutundikia. Nilijua ukija utazitafutia kazi."

Nilizihesabu mara mbili. Moja kwa kila mwaka ambao sikuja.

Kazi ya akala hizo niliiona usiku uleule. Mtu mwenye bandeji kubwa hapati kiatu cha kumwingia, na ardhi yetu imejaa miiba na mchanga wa moto. Wengi huponea kitandani kisha wakaharibikiwa njiani kurudi nyumbani. Baba alikuwa na mguu mkubwa kuliko kijiji kizima. Akala yake, ukiilegeza mikanda, humeza mguu na bandeji yake yote. Nikarudi Garissa na akala sita, na wa kwanza kuvaa alikuwa Ayeyo Habiba, aliyekuwa hahitaji tena. Aliitaka tu. Alitembea nayo sokoni mwezi mzima, akimwambia kila mtu kuwa ni kiatu cha baba yake yule muuguzi wa kanisa, na kwamba kiatu hicho kimefika Garissa kwa sababu yake yeye Ayeyo.

Tangu mwaka huo, kila baba aliponunua akala, ya kushoto ilipanda gari la Masalani na kunifikia imefungwa kwa kamba ya mkonge. Mgonjwa akipona huirudisha, nasi tunaisugua kwa dawa na kuitia kikapuni. Hiyo ndiyo kazi ya kikapu. Shida ilikuwa moja tu: watu wa mguu wa kulia. Walilalamika miaka yote. Mwalimu mmoja wa Hagadera, kidonda chake cha kulia kikiwa kimetuchukua miezi mitano, aliniambia kwa utulivu mkubwa, "Walal, hii ni ubaguzi. Mungu yenu nahurumia kushoto beke yake?" Nilimwandikia baba maneno hayo, na dada yangu Esta akanipa habari kwamba alicheka hadi akatafutiwa maji.

Sista Pelagia alirudi Kitui kupumzika, na macho yake mapya, kama anavyoyaita baada ya upasuaji, yanasoma magazeti bila miwani. Ayeyo Habiba alifariki akiwa na miguu yake yote miwili. Shukri alikuja kuniaga nilipostaafu, na kidumu cha maziwa ya ngamia. Mwarobaini niliomwagia tahalili umekuwa mkubwa kuliko wenzake wote uani. Mimi husema ni mbolea ya punda. Shukri hunitazama tu.

Mwaka jana, mwezi wa mwisho wa mvua, dereva wa gari la Masalani alinikabidhi kifurushi cha kamba ya mkonge kama kawaida. Nilikifungua nikiwa nimesimama pale stendi. Ilikuwa akala ya kulia. Haikuwa mpya. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja, na alama ya kidole gumba ilikuwa imezama kwenye mpira. Nilielewa kabla sijasoma karatasi ya Esta.

Esta aliandika kwamba baba alilala kwa amani, baada ya sala ya jioni, na kwamba mchana wa siku hiyo alivua akala mwenyewe akamkabidhi. "Hii mpelekee Jilo," alisema. "Wale wa kulia wamelalamika vya kutosha."

Nilicheka stendi pale, machozi yakinitiririka, na abiria wakanipisha. Nikaenda nyumbani kumzika. Niliporudi niliisugua kwa dawa, nikaitia kikapuni pamoja na zile nyingine. Wiki hiyohiyo akaja mchungaji wa ng'ombe kutoka Sangailu, mwiba umemwozesha unyayo wa kulia. Nililoweka, nikangoja, nikasafisha, nikamwombea, nikafunga. Kisha nikamvalisha akala na kumfunga mikanda mwenyewe. Alisimama, akaijaribu, akaniambia inamtosha. Nikakaa kwenye kiti changu nikiusikiliza mguu ule ukitembea uani, hadi ukatoka langoni.